Mtani Wangu na Haramia wa Sinema

Nilifika Temeke nikiwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mwenye cheti kipya, koti moja, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala, na Temeke ilikuwa nje ya mji kwelikweli. Ukishapita nyumba za mwisho unakutana na mihogo. Nilipanga chumba katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe, nikapigilia msumari wa kutundikia koti, nikaweka kioo kidogo juu ya beseni la kunawia, na baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Kwetu ni Unyamwezi. Pwani nzima sikuwa na shangazi wala binamu, wala jirani wa kuniomba chumvi. Jumapili nilikwenda kanisani, nikarudi, nikavua viatu, nikakaa kitandani kungoja Jumatatu.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana sisi wazee hupenda kujifanya kwamba ujanani hatukuhitaji kitu. Nilitaka mtu wa kuniita. Si kuniita mwalimu, hilo niliitwa shuleni mpaka masikio yakachoka. Nilitaka niwe napita zangu njiani, mtu anione kwa mbali, apaze sauti kwa sababu ni mimi ninayepita.

Mtu huyo nilimpata siku ya tatu, na nilimpata kwa kutukanwa. Nyumba iliyoelekeana na yetu ilikuwa ya fundi cherehani, Mzaramo, aliyenizidi kama miaka kumi, mwenye mke na watoto. Alishonea barazani kwake mchana kutwa. Nilipita nikitoka shule, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mnyamwezi. Akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akainuka na futikamba yake shingoni, akaupigia mtaa mzima kelele:

"Jamani eee, tokeni! Mtumwa wangu aliyenitoroka karudi mwenyewe! Tena kavaa tai!"

Wanawake wakatoka, wengine na miiko mkononi. Mimi machozi yalinilenga, na yalikuwa ya furaha. Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walishuka pwani na mizigo mabegani, wakawakuta babu zao, na kutoka huko wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akakupokonya tonge mkononi, na msiba wenu ukifika akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka abembelezwe. Yote hayo ni haki yake. Kosa katika utani ni moja tu, nalo ni kukasirika.

Nikamjibu papo hapo kwamba mtumwa wa Mzaramo hana haja ya kutoroka, anangoja bwana wake alale tu, na hangoji sana. Mtaa ukacheka. Jioni ile nilikula kwake, na tangu hapo hatukuamkiana tena kwa heshima. Aliniita mtumwa, nami nilimwita mvivu, na usingizi wangu ukawa mzuri.

Yeye ndiye aliyenizoesha sinema. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulitembea kwa miguu kutoka Temeke, tukapita Chang'ombe na Keko, tukavuka reli, tukaingia mjini. Jumba la sinema lilikuwa la familia moja ya Kihindi, Mashia. Zikifika siku zao za maombolezo ya Muharamu walifunga mlango, nasi tukashinda Temeke tukinung'unika. Sisi tulikaa mabenchi ya mbele kabisa, ambako inakubidi uinue shingo kama kuku anayekunywa maji. Viti vya nyuma havikuwa vyetu.

Mwishoni mwa mwaka ule walileta picha ya vipande vingi, kila Jumamosi kimoja. Ilikuwa na shujaa anayeruka angani na joho mgongoni, mwenye nguvu za kusimamisha garimoshi kwa mikono. Mabenchi yote ya mbele yalikuwa yake. Akitokea tu, watu wanasimama. Lakini mtani wangu hakuwa na habari naye. Yeye tangu kipande cha kwanza alimpenda haramia.

Haramia huyo alikuwa mwembamba, mwenye masharubu yaliyochongwa, glavu nyeupe, na joho refu la ukosi uliosimama mpaka masikioni. Aliishi pangoni, na katika pango lile palikuwa na kioo kirefu kuliko yeye. Hakufanya jambo bila kwanza kujitazama. Akitaka kulipua daraja, anajitazama. Akipata habari njema, anatabasamu kwanza peke yake mbele ya kioo, kuona tabasamu linamkaa vipi. Kila kipande alimkamata shujaa kwa hila fulani, akamfunga minyororo, na badala ya kummaliza akaanza kuhutubia. Alimweleza kila kitu: bomu liko wapi, litalipuka saa ngapi, yeye ni hodari kiasi gani. Kisha anacheka, anarusha joho, anatoka. Shujaa naye anakata minyororo. Mabenchi yakapiga kelele, "Si ulikuwa naye, mjinga wee!"

Mtani hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mdomo wa haramia. Nilimnong'oneza sikioni maneno yote. Siku ya kwanza, tukiwa tunarudi, karibu na Keko, aliniuliza swali ambalo nililiona la kitoto.

"Mtumwa, hebu nambie. Kamshika, kamfunga, hana pa kwenda. Mbona hamuui?"

"Akimuua picha itakwisha," nikasema. "Waliotengeneza wanataka turudi Jumamosi."

"Hiyo sababu ya wao. Mie nakuuliza sababu ya yeye."

Kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa msomi, swali lilinikasirisha kidogo, nikasema haramia ni mpumbavu. Akatikisa kichwa. Alikwenda kimya mpaka Chang'ombe, na kumnyamazisha Mzaramo yule kwa umbali huo si kazi ndogo.

Wiki zilizofuata alilishughulikia swali lile kwa njia anayoijua, yaani kwa nguo. Aliniambia niliangalie joho la shujaa: kitambaa kimoja, hakina bitana, upindo umepigwa mara moja, basi. Nguo ya kazi. "Sasa mtazame mwenzake. Joho lina bitana ya hariri. Bitana inakaa ndani, haionekani mpaka mtu arushe. Ndiyo maana anarusha kila dakika. Yule kavaa nguo ya kutazamwa, na pangoni hakuna wa kumtazama." Akasema amewashonea watu wa namna ile, anawajua. Mtu anakuja kupima suti, anajigeuza mara sita, na kila akigeuka anakutazama wewe fundi usoni, si suti. Ukimwambia imekukaa vizuri haamini. Ukinyamaza anaumwa.

"Na wale watumishi wake?" nikauliza. "Amejaza watu pangoni."

"Wale wanasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Utamtambia anayekubali kila neno? Shujaa ndiye anamjibu. Anamwambia, wee mwongo, hutafika popote. Hapo haramia ndiyo anachangamka, humwoni? Ulimwengu mzima anaye mtu mmoja wa kuzungumza naye, na mtu huyo inabidi amfunge minyororo ndiyo akae kumsikiliza."

Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nimesoma vitabu vya watu wakubwa kuhusu nafsi ya binadamu, na sijakutana na maelezo ya mtu mwenye kujipenda yaliyo mazuri kuliko yale ya fundi cherehani aliyekuwa haelewi neno moja la picha. Siku ile nilimcheka. Nilimwambia Wazaramo wanawahurumia hata wezi kwa sababu ni ndugu zao.

Kuna jambo sikumwambia wakati ule, na sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Haramia hakuyasema yote niliyoyatafsiri. Mara nyingi alisema sentensi mbili fupi, nami nilimpa mtani sentensi sita. Mwanzoni nilikuwa naziba pengo tu, pale maneno yalipopita haraka. Baadaye nikanogewa. Haramia anafungua mdomo, na mimi namtia maneno kwa Kiswahili changu cha chuoni: "Mji huu mzima unakula na kulala, na haujui ni nani anayepita katikati yake! Iko siku watainuka kwenye viti vyao nikiingia!" Mtani ananibana mkono, ananiuliza, "Kasema hivyo?" Nami nasema, "Kasema."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilikuwa nikiyasema chumbani, mbele ya kioo kile kidogo, nikifunga tai asubuhi. Niliwaambia watu wasiokuwapo kwamba siku moja nitakuwa mwalimu mkuu, kwamba makarani ninaosali nao kanisani, wanaonipita bila kunisalimu, watanitafuta wenyewe. Nilijaribu hata namna ya kuinamisha kichwa nitakapopongezwa. Kwa hiyo nilipomwona yule mtu wa glavu nyeupe anajitazama pangoni, nilimjua mara moja, na ndiyo maana nilikuwa mwepesi kumwita mpumbavu.

Mtani hakuishia kumpenda haramia kwa moyo. Alikusanya mabaki ya bitana, nyeusi na nyekundu, akajishonea joho. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani. Saa tisa nikitokea kwenye kona na madaftari yangu, analivaa, anapanda juu ya ngazi ya baraza, anangoja nifike katikati ya njia.

"Simama hapo, mtumwa! Mji huu unakula na kulala, na haujui nani anapita katikati yake! Leo nitakuangamiza! Lakini kwanza nitakueleza!"

Hapo anaeleza mpaka mtaa unakuja kusimama. Ananieleza jinsi babu yangu alivyokula embe mbichi akidhani ni viazi, jinsi nitakavyokaangwa, jinsi yeye alivyo mzuri wa sura. Nami namjibu, wewe mwongo, hutafika popote, joho lako ni bitana ya suruali ya Mhindi. Anarusha joho, anacheka kile kicheko, anarudi kushona. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe yananirudia mbele za watu, na yalipotoka kinywani mwake yalikuwa yanachekesha. Chumbani hayakuwahi kuchekesha. Nilikuwa naondoka shuleni kwa haraka ili nisikose kutukanwa.

Haya, sasa nieleze nilivyoharibu.

Mwaka wa pili ulipoanza tu, makarani wa kanisani walinitazama hatimaye. Walikuwa na kikundi chao, watu wa bara wenye kazi za kalamu, na mwalimu wetu mkuu alikuwa ndani yake. Kila Jumapili alasiri walikutana kwa mmoja wao, wakanywa chai, wakasoma gazeti na kulijadili. Nilialikwa mara moja, mara mbili, na mara ya tatu nikaambiwa, wiki ijayo kwako. Niliazima viti vinne. Nilitandika kitambaa mezani. Niliwaambia wapangaji wenzangu wasipige kelele. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaingia.

Walikuja watatu, mwalimu mkuu na makarani wawili, wote na makoti. Tuliketi kibarazani mbele ya chumba changu, kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Chai ilikuwa imemiminwa, na mwalimu mkuu alikuwa anasema jambo kuhusu usafi wa mitaa, nilipomwona mtani wangu anavuka njia. Alikuwa amevaa joho. Tena amelipiga pasi. Kwa mila yetu hilo lilikuwa jambo la heshima: mtu amepata wageni wakubwa, mtani hawezi kukaa kwake amejifungia, itaonekana mwenyeji hana watu. Alipanda kibarazani, akarusha joho, wekundu wa ndani ukaonekana, akasema:

"Mtumwa! Umeazima viti, umeleta na mashahidi! Wageni wangu, karibuni kwa mtumwa wangu. Huyu alinunuliwa na babu yangu kwa kikombe kimoja cha uji, na uji wenyewe ulikuwa umepoa!"

Akachukua kikombe cha mwalimu mkuu kutoka mkononi mwake, akanywa chote, akakirudisha.

Wanawake wa upande wa pili walicheka. Makarani hawakucheka. Mwalimu mkuu alitoka upande mwingine wa nchi, hakuwa na utani na Wazaramo, na nadhani hata angekuwa nao angeuacha kwenye stesheni ya treni. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Unamfahamu mtu huyu?"

Ningeweza kusema, huyu mtani wangu. Maneno matatu. Angekunja uso, kisha yangekwisha. Lakini niliwaona makarani wanatazama viatu vyao, na nikasikia maneno yangu yale ya kioo, yale ya watu kuinuka kwenye viti, na mtu wa joho la bitana amesimama mbele yangu akinionyesha jinsi ninavyoonekana. Hasira ilinipanda, hasira ya kweli.

"Ni fundi tu wa hapo ng'ambo," nikasema, kisha nikamgeukia yeye. "Mimi si mtani wako. Toka hapa kabla sijakushtaki."

Alidhani ni mchezo. Alianza kucheka kicheko cha haramia, akafika katikati, akaniona usoni. Kicheko kikamwisha. Alilivua joho taratibu, akalikunja mara nne kama anavyokunja kazi ya mteja, akaliweka kwapani.

"Samahani, mwalimu," akasema, akavuka njia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, jioni angekwenda kuomba radhi. Mimi usiku ule sikuwaza jingine ila kikombe. Asubuhi, kabla ya shule, nilikwenda kwa jumbe wa mtaa. Nilimkuta anamenya chungwa.

"Kakupiga?" akaniuliza.

"Hapana. Kanitukana mbele ya wageni. Kaniita mtumwa, kanywa chai ya mgeni wangu."

"Kabila lako?"

"Mnyamwezi."

Akaweka kisu chini. "Na yule Mzaramo. Mwalimu, mie nimekaa na kazi hii miaka, nimeletewa wezi, nimeletewa wachawi. Mtani sijapata kuletewa." Akaningoja. "Unataka nimkataze asikutanie?"

"Ndiyo."

"Asikutanie tena?"

"Ndiyo."

"Kabisa?"

"Ndiyo, jumbe."

Nilidhani masikio yake mazito. Alikuwa ananipa nafasi tatu za kurudi nyuma, nami nikazikataa zote tatu nikiwa nimenyoosha tai.

Saa tisa siku ile nilitokea kwenye kona. Mtani alikuwa anashona. Msumari ulikuwa mtupu. Aliponiona alisimama kabisa, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Mtu aliyenizidi miaka kumi. Sikujua nifanye nini, nikanung'unika marahaba. Akaketi, akaendelea kushona. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Hakuniwekea kinyongo cha wazi, hakunisema kwa watu. Nguo zangu alizishona vizuri zaidi ya zamani, na kuzileta kwa wakati. Wanawake wa mtaa nao walianza kunisalimu kwa adabu na kuwahimiza watoto wao wanyamaze nikipita. Habari ilikuwa imeenea kwamba mwalimu hataniwi, mwalimu hushtaki. Nikawa napita katikati ya njia yangu mwenyewe kwa ukimya wa mtu anayepita makaburini.

Kikundi cha chai walinikubali. Walikuwa watu wema, sitawasingizia. Ila kila mmoja aliongea akamaliza, wengine wakasema naam, ni kweli kabisa, kisha mwingine akaongea yake. Ilipofika zamu yangu nilisema mambo niliyoyaandaa wiki nzima. Wakasema naam, ni kweli kabisa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya mtu mmoja tu wa kuniambia mimi mwongo.

Jumamosi ya kipande cha mwisho nilikwenda peke yangu. Nilichelewa kwa makusudi, taa zikiwa zimezimwa, na nilipozoea giza nilimwona mtani mabenchi mawili mbele yangu, peke yake naye, ameinua shingo. Hakuwa na wa kumtafsiria. Haramia alikuwa amemfunga shujaa kwenye mtambo, anahutubia kwa mara ya mwisho, hotuba ndefu kuliko zote. Niliona kichwa cha mtani kinageuka kidogo upande wa kulia, upande niliokuwa nikikaa, kisha kinarudi. Nikajikuta nanong'ona. Nilitafsiri neno kwa neno, na safari hii sikuongeza kitu, nilisema kilichosemwa tu: "Ungekuwa upande wangu tungefanya makubwa. Kwa nini hukutaka?" Mtu aliyekaa jirani akanitazama akasema, nyamaza bwana, unazungumza na nani?

Haramia alikufa. Alirudi nyuma akirusha joho, likanasa kwenye gurudumu la mtambo wake mwenyewe. Watu walishangilia mpaka vumbi likapanda. Niliona uso wake kabla hajaanguka: hakumtazama shujaa kwa chuki. Alimtazama kuhakikisha kwamba anamwona. Mtani alitoka haraka, nami nikabaki nimekaa mpaka wafagiaji walipoingia, maana sikutaka twende njia moja tumeachana hatua ishirini mpaka Temeke.

Miezi michache baadaye simu ya maandishi ililetwa shuleni. Mama yangu amefariki, amezikwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanisomea, akanipa mkono.

Niliweka matanga Temeke, kwa kuwa sikuweza kuwahi kwetu. Watu walikuja, mtaa ule haukuwa na roho mbaya. Wanawake walipika. Wanaume waliketi mikekani wakasema pole. Kikundi cha chai walikuja na makoti, wakasali sala nzuri. Lakini kila aliyefiwa miongoni mwetu anajua kwamba pole zote hizo ni za kungojea tu. Msiba hushikwa na watani. Wao huingia na kelele, wakavaa nguo za marehemu, wakaigiza alivyotembea, wakaficha sufuria, wakakuuliza mtumwa wao marehemu kaenda wapi na kazi hajamaliza, mpaka mfiwa anacheka katikati ya kilio bila kutaka, na pumzi inampata. Pasipo wao kilio hakina pa kutokea. Mimi tangu simu ifike nilikuwa sijalia. Kila nilipokuwa nasikia sauti njiani nilinyanyua kichwa. Wazaramo wa mtaa mzima waliingia, wakainama, wakasema pole mwalimu, wakakaa kimya.

Siku ya pili, alasiri, alikuja yeye. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia. Nilimtazama mikononi, hakushika joho wala kitu kingine. Akaketi mkekani karibu yangu, akanipa mkono wa pole kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa.

"Pole sana, mwalimu. Ni kazi ya Mungu."

Nilimsogelea. Sikujali tena nani anasikia.

"Nitukane," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu.

"Mtukane mama. Sema alikuwa mtumwa wako. Sema amekufa ili asikupikie. Sema lolote."

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, akageuza uso. Mtani alinitazama, na nikaona mdomo wake unataka, nikaona kabisa kwamba maneno yapo.

"Jana nilipopata habari nilisimama mlangoni kwangu nimeshajiandaa," akasema kwa sauti ya chini. "Mama watoto akaniuliza, je, akienda kushtaki tena? Nikasema, msibani? Haiwezekani. Akaniuliza, una hakika?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikakosa la kumjibu, mwalimu. Nikavaa kanzu."

Kisha akasema kwamba mama yangu bila shaka alikuwa mtu mwema, mwenye subira, aliyelea vizuri, Mungu amlaze pema. Alisema kwa adabu kamili, kama mgeni. Akaaga, akatafuta viatu vyake mlangoni, akavuka njia.

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele za watu wote. Mwalimu mkuu akaja akanishika bega, akaniambia nijikaze, mama amepumzika. Nilimwacha aamini ni hilo.